Hitima ya Twaha

Bi Mwanaisha wa Majengo alikuwa na mume marehemu aliyesikika kuliko waume wengi walio hai. Majirani zake pale Songea walidhani anatania alipowaambia kwamba Daimu bado anasoma. Hakuwa na utani wowote. Alasiri, akishapepeta usipa wake, wale dagaa wa ziwa Nyasa, na kuujaza kwenye madebe tayari kwa soko la jioni, sauti ya Daimu ilianza katika chumba cha nyuma, ile sauti yake ya kuvuta, yenye mtetemo mwishoni, kama alivyokuwa akisoma kule ziwani enzi za uhai wake. Mwanaisha aliweka ungo chini, akaketi kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu aliinuka akaenda sokoni.

"Wangu akifa asithubutu kurudi," alisema Lidwina, Mngoni waliyepanga naye nyumba moja. "Nimemsikiliza akiwa hai, inatosha."

"Wako akirudi atakoroma tu," Mwanaisha alimjibu. "Wangu anasoma Kurani."

Wakacheka, maana walikuwa na mazoea hayo. Lakini Lidwina hakukanyaga chumba cha nyuma, hata alipotumwa kuchota chumvi. Rozari yake aliihamishia upande ule wa ukuta, akasema ni kwa sababu ya msumari.

Mwanaisha hakuiogopa ile sauti. Alijivunia. Na tuseme ukweli, hakuwa na kingine cha kujivunia. Yeye na Daimu walizaliwa Nalasi, huko Tunduru, watoto wa mashamba ya korosho, wakaoana wangali wabichi. Mwaka ambao mikorosho iligoma kuzaa, Daimu alikata shauri kwenda kutafuta maisha ziwa Nyasa. Wakafikia Mikuyuni, kambi ya wavuvi iliyo mbele ya Mbamba Bay, mahali pa mchanga, vibanda vya nyasi na chanja za kuanikia usipa. Palikuwa na msikiti wa udongo usio na shehe. Watoto hawakujaliwa. Mali haikuja. Alichopata Daimu pale ni jina: aliitwa msomaji.

Jina hilo si dogo kambini. Akifa mtu, jamaa zake hufanya hitima, yaani Kurani nzima husomwa kwa ajili yake. Kwa kuwa ni ndefu, imegawanywa katika vijitabu thelathini, kila kimoja juzuu yake, na wasomaji huketi msikitini wakagawana. Huyu anachukua hizi, yule zile, kila mtu anasoma zake kwa sauti ya chini, wote kwa pamoja, na msikiti unavuma. Zikiisha zote, marehemu amesomewa. Mikuyuni walikuwepo wanaume watano wa kazi hiyo, na Daimu ndiye aliyekuwa wa kwanza wao. Juzuu ya saba hakumpa mtu mwingine. Alikuwa na nakala yake nyumbani, ameifunga kwenye kitambaa cha kijani, na kila asubuhi kabla ya kwenda kutandaza nyavu aliifungua akaisoma, na Mwanaisha akikoka moto alimsikiliza. Palikuwa na sehemu moja katikati ambapo sauti ilimpanda, ikakwama, na machozi yakamlenga. Mwanaisha hakujua maana yake hata chembe, lakini aliijua sehemu hiyo kama anavyoujua mlango wake.

Basi ikatokea ile siku ya Mwera, upepo wa kusini unaolichafua ziwa bila kupiga hodi. Mtumbwi wa Twaha ulikutwa umepinduka, na Twaha hakuonekana tena. Alikuwa mtoto pekee wa Bi Chiku, mwanamke aliyekuwa akikausha usipa chanja moja na Mwanaisha. Walimtafuta ufukweni huku na huko, wakapata kandambili yake na dumu la kuchotea maji. Msichana aliyekuwa mchumba wake akaolewa Liuli. Bi Chiku alikaa mlangoni kwake hali, hanywi, anatazama maji.

Siku ya hitima walimbeba wakamkalisha nje ya msikiti. Alisikia msikiti ukivuma, akamsikia Daimu akifika pale sauti inapopanda na kukwama. Walipotoka, alimshika Daimu miguu. Tangu siku hiyo akala, akanywa, akarudi kwenye chanja. Na kila alipohurumiwa alijibu neno moja hilohilo.

"Mwanangu hana kaburi, lakini ana Kurani nzima."

Miaka ikapita. Daimu naye akashikwa na homa, akaenda. Wenzake waliobaki wakamsomea hitima, msikiti ukavuma kama kawaida, na Mwanaisha akafunga mizigo yake akahamia Songea, ambako usipa una bei na hakuna mtu wa kumkumbusha mitumbwi. Sauti ilimfuata huko kabla hajamaliza hata kupanga vyombo.

Hapo ndipo chuo kikuu kilipoingia. Kilikuwa chuo cha huko Dar es Salaam, na kilikuja na mradi wa kuwafundisha watu wa jamii za wavuvi kusoma Kurani, watu wazima kabisa, wanawake kwanza. Walitaka watu wenye asili ya kambini, wawafundishe Songea, kisha wawarudishe kando ya ziwa wakafundishe wenzao. Darasa likawekwa kwenye chumba kimoja cha kupanga hapo Majengo, nyuma ya duka la vitenge. Wapo waliokwenda kwa ajili ya chai na maandazi; tusiwataje. Mwanaisha alikwenda kwa sababu moja, na alimwambia mwalimu siku ile ya kwanza bila kuona haya.

"Nataka niweze kumfuata mume wangu anaposoma."

Mwalimu aliitwa Shakila, mhadhiri msaidizi, binti mpole mwenye miwani. Alidhani mume yu hai. "Vizuri sana, mama," alisema. "Mtasoma pamoja."

Nani asingetaka? Mwanaisha alikuwa amelala na mtu yule, amempikia, amemzika, na bado ipo sehemu moja ya maisha yake ambayo hakuwahi kuingia. Kila asubuhi Daimu alikuwa akiingia humo peke yake na kumwacha yeye nje kwenye moshi. Sasa alijifunza herufi kwa pupa. Alizichora kwa kidole kwenye vumbi la dagaa, alizinong'ona sokoni hadi wateja wakadhani anawaroga. Ulimi ulikuwa mzito, macho yalimuuma, wenzake wakamcheka kwa jinsi alivyokuwa akitokwa na jasho kwenye neno moja. Hakujali. Herufi zilipoanza kushikana na kuwa maneno alilia palepale darasani, na Shakila akasimamisha somo mpaka alipotulia.

Siku alipojiona yuko tayari alitawadha, akafungua kitambaa cha kijani, akaketi chumba cha nyuma na juzuu ya saba mapajani. Sauti ilianza saa yake ileile. Mwanaisha akaweka kidole mwanzo wa ukurasa akaanza kumfuata.

Hakuona Daimu yuko wapi. Alidhani Daimu ameruka, akafunua mbele. Akarudi nyuma. Sauti ilikuwa ikienda zake, tamu kama siku zote, na kidole kilikuwa kikienda kivyake, na hivyo viwili havikukutana. Alijilaumu kwamba hajui kusoma vizuri. Kesho yake akajaribu tena, na kesho yake tena. Akaitafuta ile sehemu ya katikati, sehemu ya machozi. Alipekua neno kwa neno mpaka jalada la mwisho, na haikuwemo.

Alimwendea Shakila. Hakusema ni kisomo cha nani. Alisema tu kwamba kuna kitu amekihifadhi moyoni tangu zamani, anataka kujua kiko wapi ndani ya Kurani. Shakila akakaa sawa, akatabasamu, akamwambia asome. Mwanaisha akafumba macho, akasoma kwa sauti ya Daimu, na mtetemo wake, mpaka pale inapopanda na kukwama. Alipofumbua macho, tabasamu la Shakila lilikuwa limekwisha.

"Mwanzo ni Alhamdu," alisema binti yule polepole. "Halafu kuna vipande vya Kulhuwallahu. Hapa katikati, mama, hizi ni kasida za maulidi, zimekatwakatwa. Na pale mwishoni..." Alivua miwani akaifuta. "Pale mwishoni siyo maneno. Ni sauti tu za Kiarabu, kama mtu anayeiga. Umevipata wapi?"

Mwanaisha aliinuka. "Mtaani," alijibu.

Alirudi nyumbani. Chumba cha nyuma Daimu alikuwa akisoma, na kwa mara ya kwanza Mwanaisha aliogopa. Alisimama mlangoni akaisikiliza ile sauti aliyoipenda maisha yake yote, akasikia kwamba haikuwa na kitu ndani. "Ulikuwa unasoma nini, baba?" aliuliza. "Ulikuwa unawasomea nini watu?" Sauti ikapanda, ikakwama pale pake. Haikuendelea. Ilirudia palepale, ikarudia tena, ikawa hivyo mpaka alipokimbilia uani.

Kuanzia hapo hakupata utulivu. Daimu hakusoma tena mpaka mwisho. Alikwama tu, kama mtu aliyeulizwa swali mbele za watu. Na Daimu hakuwa peke yake tena. Mwanaisha alimwona Twaha sokoni. Alisimama nyuma ya mafungu ya usipa wa wauzaji wengine, amevaa fulana ya njano aliyozama nayo, suruali imemganda miguuni kwa maji, hamtazami mtu. Hakuomba kitu. Alikuwa akisubiri kama wanavyosubiri watu kwenye foleni ya zahanati. Mwanaisha akimpimia mteja na kuinua macho, Twaha yuko. Akiyainua tena, hayupo, na sakafu ya saruji ni kavu.

Mwisho alimweleza Lidwina, maana mzigo huo ulikuwa ukimla. Lidwina alikuwa akimenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye kisu.

"Nyamaza nalo," alisema. "Mume ni marehemu, kijana ni marehemu, na huyo mama ndiyo hivyo mzee. Utamwambia ili iweje? Mwache afe na raha yake. Sisi tungemwambia padri, ikaisha."

"Sisi hatuna padri."

"Basi mwambie Mungu wako."

"Mungu anajua," alisema Mwanaisha. "Bi Chiku ndiye asiyejua."

Pengine angefuata ushauri huo, kwa kuwa alimpenda Daimu na hakutaka jina lake liburuzwe mchangani. Lakini Shakila alikuja darasani na habari njema. Chuo kinafungua darasa Mikuyuni, Mwanaisha ndiye atakayelifundisha, na wazee wa kambi wameomba lipewe jina la marehemu Daimu, msomaji wao. Wanafunzi wakapiga makofi. Shakila akaongeza kwamba kuna bibi mmoja huko, Bi Chiku, mgonjwa, amesema hataki kufa kabla hajaiona siku hiyo, kwa sababu Daimu ndiye aliyemsomea mwanawe. Mwanaisha alipiga makofi na wenzake.

Njiani kuelekea Mbamba Bay alipanga mambo kichwani. Hatamwambia Bi Chiku. Atamwendea Mzee Mfaume, aliyebaki mkubwa wa wale wasomaji, amweleze kwa siri kwamba Daimu hakujua kusoma. Mfaume na wenzake watazisoma upya zile juzuu za fungu la Daimu, kimyakimya, hitima ya Twaha itimie, na jina la marehemu libaki ukutani. Ulikuwa mpango mzuri. Alikaribia kupata usingizi.

Alimkuta Mzee Mfaume ameketi kwenye kizingiti akifuma wavu. Alikuwa amezeeka sana, vidole tu ndivyo vilivyokuwa bado vya kijana.

"Shikamoo, ambuje," Mwanaisha alimsalimu, akimwita babu kwa Kiyao, kwa kuwa Mfaume naye alikuwa Myao wa Tunduru.

"Marahaba, mke wa msomaji. Karibu kwako."

Mwanaisha alikaa chini akayasema yote kwa pumzi moja, akitazama mchanga. Alipomaliza alingoja mzee akasirike, amwambie kwamba anamvunjia marehemu heshima. Wavu ulikuwa umeanguka. Mzee Mfaume alikuwa akilia bila sauti.

"Hakujua?" alisema. "Daimu hakujua?"

"Hakujua, ambuje. Lakini ninyi mpo. Mkizisoma zile za kwake tu—"

"Binti yangu. Mimi nilikuwa namtegemea Daimu."

Mwanaisha hakuelewa, au alielewa na moyo ukakataa. Mzee akajifuta kwa kiganja.

"Maiti ya kwanza hapa kambini," alisema, "ilikuwa masika, njia imekatika, shehe hafiki. Mama wa marehemu analia hapo nje. Sanduku la juzuu lipo, alituachia mfanyabiashara mmoja, ila msomaji hakuna. Daimu akanyoosha mkono akachukua. Nikasema alhamdulillahi, kumbe tunaye. Nikachukua na mimi, nisimwache akae peke yake, kwamba yeye atasoma, mimi nitamsindikiza. Nikakumbuka sauti za maulidi ya kwetu, nikaziimba chinichini. Sasa niseme nini? Kila msiba wakaniita. Nilikuwa nikimtazama Daimu, najisemea, huyu anatuokoa."

"Na wasomaji wenzenu, Ausi na Mzee Likwata?"

"Kawaulize," alisema Mfaume. "Mimi naogopa."

Aliwauliza. Ausi alicheka kwanza, akasema macho yamekuwa mabovu, kisha akainamisha kichwa. Alikuwa na hakika wenzake wanasoma. Aliketi pale kujaza nafasi tu, watu wasione kambi yao haina wasomaji. Likwata alimfungia mlango, akajibia ndani, na jibu lake lilikuwa lilelile. Wa tano alikwisha kufa, na hakukuwa na haja ya kumuuliza. Kila mmoja kati yao alidhani ndiye peke yake asiyejua. Msikiti ulikuwa ukivuma, na ndani ya mvumo wote ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akisoma.

Mwanaisha alisimama ufukweni. Aliwafikiria wote waliokwisha kuzikwa kwenye kilima cha nyuma ya kambi, watoto, wazazi waliofia uzazini, wazee, na wale ambao ziwa halikuwarudisha. Aliwafikiria jamaa zao walivyolala usingizi baada ya kila hitima. Hakumchukia Daimu. Alimwonea huruma iliyomuuma hadi mbavuni, kwa kuwa sasa aliielewa ile sehemu ya katikati ambapo sauti ilikwama na machozi yakaja. Pale ndipo mtu yule alipokuwa akijua anachokifanya.

Alirudi kwa Mfaume akamwomba sanduku. Mzee alimpa bila kuuliza.

Bi Chiku alikuwa amelala kwenye mkeka, amebaki ngozi na macho. Alimtambua kwa sauti, akamshika mkono, akaanza kumsifia Daimu, na Mwanaisha akajua kwamba akimwacha amalize hatathubutu tena.

"Mama," alisema, "Twaha hajasomewa."

Mwanaisha akamweleza yote, hakubakiza. Daimu, Mfaume, Ausi, Likwata. Alipofika mwisho, mkono wa bibi ulikuwa umeshamtoka.

"Nimelala," alisema Bi Chiku. "Miaka yote hii nimelala usingizi. Na mwanangu yuko nje anangoja." Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akampiga Mwanaisha kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu, akampiga tena, na Mwanaisha hakujikinga. Bibi alilia mpaka sauti ikakauka, na nje watu wakasogea wakaondoka. Baadaye aligeuza uso.

"Wewe unajua kusoma?"

"Najua kidogo, mama. Mzito. Nitachukua muda."

"Mimi sina muda."

"Ndiyo."

"Basi sogea upande huu. Sikio lile halisikii."

Mwanaisha alisogea. Alifungua sanduku, akazitoa juzuu moja moja, akazipanga kwenye mkeka mpaka zikafika ukutani, akachukua ya kwanza. Alikuwa ameshaweka kidole chini ya neno Bi Chiku aliposema tena.

"Na mumeo? Yeye alisomewa na nani?"

"Na haohao, mama."

Bibi yule alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake tena.

"Kwa hiyo na yeye yuko nje."

Mwanaisha hakuondoa kidole kwenye neno. Alimpenda yule mwanamume kuliko kitu chochote duniani.

"Atasubiri," alisema. "Twaha kwanza."